Kidole Chini ya Pikapu

Nyundo ililia ngo, ngo, kisha ikalia pu, na Régina akabaki amelala chali chini ya pikapu ya baba yake, akiisikiliza shasi, ile fremu ya chuma inayobeba gari.

Juu ya magunia ya chumvi, abiria, wamama wa Kabambare, walikuwa wamekwisha kupanda. "Huyu mutoto anatafuta bwana huko chini?" mmoja akatania, wenzake wakacheka.

Kila mvua zilipokaribia, baba yake aliipaka shasi mafuta machafu ya injini, isiliwe na kutu. Aliipaka mpaka ikang'aa. Lakini aliipaka juu ya tope lililolowa maji ya chumvi yaliyovuja kutoka kwenye magunia, na kutu ikaendelea kula humo kama mchwa ndani ya nguzo.

Régina alisukuma kidole pale nyundo ilipolia pu. Kikazama chote.

"Iko nini, mama?" baba yake aliuliza, akichuchumaa. "Nilipaka mwenyewe, unajua."

"Najua, papa."

Akatoka, akamwonyesha kidole, cheusi kwa mafuta, chekundu kwa unga wa chuma.

Mzee akakishika, akakipangusa taratibu kwa pindo la shati lake, kama alivyompangusa utotoni. Kisha akaanza kufungua kamba za magunia.

"Wamama," akasema, "mushuke."