Mkojo Safi wa Komando

Kisa hiki alinisimulia mke wa Komando mwenyewe, mwaka juzi, tukichambua mchele.

Komando alikuwa fundi kwenye mtambo wa gesi, mnyapara wa wale wanaoingia ndani ya matangi kuyakwangua. Humo gesi huacha zebaki, yale madini ya majimaji yanayong'aa, na mvuke wake hauonekani wala haunuki. Wenzake walivaa barakoa zenye vichujio. Yeye yake aliishusha kidevuni apate kupiga mluzi. Na ovaroli zilizokatazwa kutoka getini alizibeba nyumbani, eti hakuna afuaye kama mke wake.

Mikono ikaanza kumtetemeka. Chai nusu kinywani, nusu kifuani. Mkewe akisema, anajibiwa ni baridi tu.

Ndipo nesi wa mtambo akataka kila fundi alete mkojo wa alfajiri kwenye chupa. Atakayekutwa na zebaki nyingi, matangi atayaona kwa macho tu. Komando akaona unyapara unaota mbawa.

"Mama watoto, nijazie wewe," akambembeleza.

"Kwani wakikukuta nayo watakufanya nini?"

"Wataniweka stoo miezi sita, nipange nati kama mtoto."

Mkewe akafikiri kidogo, akaipokea chupa. Asubuhi akamkabidhi, imefungwa vizuri, bado ya moto.

Wiki ya pili nesi akamwita. Zebaki mara tatu ya kiasi. Komando akatia sahihi karatasi ya uhamisho. Angesema nini, kwamba mkojo ule si wake? Akapelekwa stoo, na njia nzima roho inamwuma: zile ovaroli! Amemtia sumu mtoto wa watu kwa mkono wake mwenyewe.

Tangu siku hiyo nguo za kazi alizivua na kuziacha kazini, akaoga kulekule. Akirudi anafua, anapika, mkewe hata ndoo haruhusiwi kuinua. Barakoa akawahubiria mafundi kama vile aliizua yeye. Mkewe akiuliza kulikoni, anaambiwa pumzika tu, mama.

Miezi ikapita, mikono ikatulia. Mchana mmoja, baada ya kudeki na kupakua, Komando akapitiwa na usingizi kitini. Mkewe akainama uvunguni, akatoa kopo ambalo mumewe hukojolea alfajiri kwa uvivu wa kutoka nje, akalimwaga, akalisuuza. Mkojo wa humo ndio aliojazia ile chupa ya nesi. Kisha akajinyoosha kitandani, naye akalala.