Mafuta ya Bunduki

Springi nilikuwa nimeibana kwa meno, kama nifanyavyo siku zote nikifungua bunduki, isije ikadondoka vumbini. Ghafla ulimi ukakutana na chumvi, moshi na kitu kilichochacha.

"Mama, bunduki umeipaka mafuta gani?" nikamuuliza mteja wangu, Winifrida.

Alikuwa ameileta asubuhi kutoka Kasense. Ni ile ndogo anayofukuzia nyani shambani, na wiki nzima alikuwa akivuta, inalia "ta" tu, risasi haitoki. Sasa sababu niliiona. Pini inayogonga risasi ilikuwa imezama kwenye mafuta meupe, yameganda kwa baridi yetu ya Julai kama makohozi. Unywele mweusi, mgumu, ulikuwa umenasa humo.

"Ya kitimoto, fundi. Yale ya dukani yaliniishia."

Nikatema. Nikatema tena, nikausugua ulimi kwa shati mpaka ukawasha.

"Mama, mimi Mwislamu!"

"Najua, baba. Kwani bunduki inaliwa?"

Macho yakanienda kwenye sahani ya maandazi aliyoniletea. Lilikuwa limebaki moja.

"Na haya, umeyakaangia nini?"

Winifrida akavuta kitenge, akajifunika mdomo.