Bati la Mwisho

Mwaka jana Tunu, fundi cherehani aliyependa kupima hali ya hewa, aliutangazia mtaa kwamba kimbunga kinakuja. Watu wakahama, kimbunga kikapita mbali, wezi wakazoa vyombo vyao. Leo sindano ya kipimahewa chake ilikuwa imeshuka zaidi kuliko siku ile, ishara ya kimbunga, naye alikuwa amegonga kila mlango bila kusikilizwa. Akapanda juu ya nyumba yake, akaanza kung'oa mabati.

"Shuka, mwanangu," mama mkwe alimsihi. "Tutalala wapi?"

"Shuleni, mama. Mtu habomoi kwake kwa mzaha. Labda sasa wataamini."

Majirani walisimama barabarani wakicheka. Hakuna jani lililotikisika. Tunu, vidole vikimvuja damu, alilinyanyua bati la mwisho, akaliachia lianguke uani.

Halikuanguka; upepo ulilipeperusha.