Nyayo za Fisi Kwenye Wosia

Fisi hakumwamini mnyama yeyote. Kwa hiyo aliposikia kwamba Bibi Nungunungu yu taabani, na kwamba shimo lake amemuusia yeye, alikwenda mbio kuhakikisha.

Desturi ya huko ni kwamba wosia husemwa mbele ya mashahidi, na kila shahidi hukanyaga udongo mbichi mlangoni, nyayo zikauke ziwe ushahidi. Kanga alikuwa amekwisha kukanyaga. Ikawa zamu ya Digidigi.

"Vikwato gani hivi?" Fisi alisema. "Mvua moja tu, vimefutika. Nitashuhudia mwenyewe."

"Una hakika, mjukuu wangu?" Bibi Nungunungu aliuliza.

"Hakika kabisa, Bibi." Akamsukuma Digidigi kando, akakanyaga kwa miguu yote minne.

Bibi alizitazama nyayo zile nne. "Basi niongeze neno. Fisi akikosa, shimo apewe Nguchiro, anayenichotea maji."

"Nitakosaje?" Fisi akacheka.

Baada ya mazishi alikuja Korongo, mwamuzi wa mirathi, akainama mlangoni.

"Hizi kubwa ni za nani?"

"Zangu!" Fisi alisema kwa fahari. "Zote nne."

"Shahidi harithi," Korongo alisema. "Ndiyo sheria tangu enzi za mababu. Nguchiro, ingia kwako."

Fisi aliketi chini. "Na kama ningebaki nyumbani?"

"Sasa hivi ungekuwa humo ndani," Korongo alijibu, akaaga.

Mvua ilinyesha wiki nzima. Nyayo za Fisi hazikufutika.