Pale Cherehani Iliposimama

Fundi mitambo wa studio alirudisha wimbo nyuma mara ya tatu, na mara ya tatu mwili ukamsisimka.

Kaka mtu alikuwa amepiga ngoma Jumanne. Mdogo mtu aliimba Alhamisi akifuata tu mlio uleule wa kuhesabu mapigo, maana ngoma za “yule” hakutaka hata kuzisikia. Tangu bendi yao ya roki ianze kujaza viwanja, walikuwa paka na panya; albamu nzima waliirekodi kwa zamu, kama walinzi wa geti.

Leo ndipo fundi alipoziunganisha ngoma na sauti. Kwenye ubeti wa tatu, mahali ambapo mlio haukusimama, wote wawili walisita kidogo, kisha wakaondoka pamoja kama watu wenye pafu moja.

“Nipanyooshe hapa, pafuate mlio?” fundi alimuuliza mwimbaji.

Mwimbaji alikuwa amevibana vipokea sauti masikioni kwa mikono yote miwili.

“Usiguse! Mdundo huu tuliutoa kwenye cherehani ya mama, tukiwa wadogo. Hapo ndipo alipokuwa akisimama kukata uzi kwa meno.”

Fundi aliondoa mkono kwenye mitambo.

“Mpigie kaka,” mwimbaji akasema. “Mwambie aje na vijiti vyake.”