Milango ya Jipu la Famau

"Shika chini hapo, mwanangu, usiuachie ukatuponda miguu!"

Bi Tufaha alikuwa amepiga magoti kwenye saruji ya ua, kanga kaifunga kibwebwe, spana mkononi. Nati ya kwanza ilitoka, ikafuata ya pili. Wangari, msichana wa Nyeri aliyekuwa akifanya kazi katika nyumba hiyo ya mtaa wa Al Twar, nchi ya Waarabu, aliukumbatia mlango wa gari, lile jipu, akauinua taratibu mpaka ukatoka kwenye bawaba. Mzito, astaghfirullah! Wakaubeba wawili, mmoja huku mmoja kule, mpaka stoo.

"Hajashuka bado?" Bi Tufaha aliuliza, akitazama dirisha la juu.

"Hakuna mtu ameshuka, madam."

"Haya, yalla, tumalizie kabla hajaamka."

Asiyeamka alikuwa Famau, mwanawe wa pekee. Kijana mzima mwenye ndevu, lakini akisikia habari za mchanga akili zote humruka. Kila Ijumaa asubuhi, yeye na wenzake, wanakwenda jangwani kupandisha magari kwenye vilima na kuyashusha kichwakichwa. Ndiyo starehe yao hiyo. Wengine huangalia mpira.

Na alfajiri hiyo Bi Tufaha alikuwa ameota. Kaota nini, hakumwambia mtu. Alilelewa Unguja na bibi aliyemfunza kwamba ndoto mbaya haitolewi mdomoni: unatema mate kushoto, unamwomba Mungu, unanyamaza. Akimwambia Famau asiende bila kumpa sababu, atachekwa, atabusiwa kipaji cha uso, na kijana ataondoka. Kumpa sababu ndiyo asingethubutu kabisa. Lakini kwamba akienda leo harudi, hilo alikuwa nalo kifuani kama jiwe.

Kuficha ufunguo? Anao wa akiba, mjanja yule. Basi ikabaki milango. Gari lisilo na milango halifiki hata barabara kubwa, askari watalisimamisha. Na milango ya jipu hili inatoka. Famau mwenyewe alimwonyesha mama yake, kwa majigambo, hapa hapa uani. Chomoa waya, fungua nati, inua. Alidhani anamfurahisha tu bibi kizee.

"Tazama matairi," Bi Tufaha alisema, akilipiga teke tairi la mbele. Lilikuwa limenywea. "Keshapunguza upepo wa kwendea mchangani. Ndiyo kusema kajiandaa tangu usiku!"

Wangari alishahamia mlango wa pili, anachomoa waya wake.

Barazani, Mzee Msellem alikuwa amekaa na kahawa yake. Hakuwasaidia, hakuwazuia. Mkewe alimtupia jicho.

"Wewe kaa hapo hapo na hicho kikombe. Mtoto ni wangu peke yangu?"

"Punguza sauti, Tufaha," mzee alisema.

"Ungemkataza wewe, mimi nisingekuwa hapa nagaragara kama fundi wa gereji."

Mzee alitazama ndani ya kikombe. Bi Tufaha akasonya, akarudi kwenye nati zake. Wala hazikumsumbua, ziling'aa, hazina hata chembe ya kutu. Mikono yake haikukosea.

Mlango wa mwisho ulipoingia stoo, aliifunika yote kwa zulia kuukuu, akafunga, ufunguo akauzonga kwenye pindo la kanga. Ndipo akakaa kwenye ngazi ya stoo, akacheka, na machozi yakamtoka papo hapo.

"Alhamdulillahi. Leo haendi mtu. Anune, azire kula, mimi sijali. Atakuwa hai."

Msellem aliinuka, akamletea vidonge vyake na maji. Akamshika mkono mpaka chumbani, akamlaza, akakaa naye mpaka pumzi zikatulia. Aliporudi uani alikuwa na ufunguo wa stoo kiganjani.

"Yalla, Wangari. Tuirudishe kabla hajaamka."

Wangari alibaki amesimama. Mwezi wake wa pili ulikuwa huu katika nyumba hii, na alikuwa ameyameza mengi bila kuuliza.

"Sir, si tuiache tu? Gari ikae hivyo bila milango. Leo amelia kwa furaha, wewe mwenyewe umeona."

"Niliwahi kuiacha." Mzee alikuwa keshafungua stoo na kuinama, anatafuta ncha ya mlango chini ya zulia. "Akaamka, hakumbuki kama ni yeye aliyeing'oa. Akaona gari liko wazi, akapanda juu mbio kumtafuta mwanawe chumbani. Kitanda kitupu. Ikabidi nimwambie upya kwamba tumemzika. Alipiga ukelele ule ule wa siku ya kwanza, Wangari. Ule ule. Sina nguvu ya kuusikia tena."

Wakaubeba mlango wa kwanza, wakaupachika kwenye bawaba. Mzee akakaza nati kwa mkono, kisha kwa spana, polepole, bila kuruka hata moja. Jua lilikuwa limeshaanza kuchoma na jasho lilimtiririka shingoni. Wangari aliushikilia mlango. Alimwonea huruma mama yule kuliko mtu yeyote aliyemjua duniani.

"Pole, sir," alisema mwishowe. "Kumbe ndiyo maana anaharakisha hivi. Hiyo siku yenyewe alichelewa kuing'oa?"

Msellem alijifuta uso kwa mkono wa kanzu.

"Aliwahi," alisema. "Milango yote aliificha. Famau alicheka tu, akampigia mwenzake Khelef simu, akaondoka na gari la Khelef."