Jani Kwenye Kopo la Mtindi

Mbele ya friji la supamaketi sikubabaika hata kidogo. Daktari kasema nipunguze sukari, na macho ninayo. Nilichukua kopo la mtindi lenye jani la kijani, jani bichi lenye tone la umande kwenye ncha, nikalitia kikapuni.

Mume wangu akalitoa.

"Hili tulirudishe, mama watoto."

"Kwa nini? Huoni jani? Huu ndio mtindi wa afya!"

Alilipapasa lile tone la umande kwa kidole gumba, taratibu, kama mtu anayefuta vumbi kwenye picha ya mwanawe. Kidole chenyewe kina doa la wino ambalo halijatoka tangu anioe. Kisha akaligeuza kopo, akanionyesha maandishi madogo ya nyuma yanayotaja vilivyomo. Maziwa yalitangulia. Sukari ilifuata, mbele ya matunda.

"Sasa jani la nini?"

"Nililichora mimi," alisema, macho chini. "Bosi alitaka kitu cha kijani. Hilo tone tu lilinichukua siku mbili."

Nilizikumbuka siku hizo. Chai ilikuwa inapoa mezani, yeye kainamia karatasi.

Niliinama hadi rafu ya chini kabisa. Palikuwa na kopo jeupe, halina hata ua. Nyuma yake yaliandikwa maziwa na kimea cha kugandishia, basi.

"Na hili kalichora nani?"

"Hakuna."

"Basi shika kikapu vizuri," nilimwambia. "Nachukua manne."